Mkwe, Dawa Yako Haikuwa Hadithi Yangu

Mkwe wangu wa heshima,

Shikamoo siwezi kukupa, maana wewe ndiye wa kunipa mimi, na marahaba yangu ninayo mdomoni siku nyingi, haina wa kumpa. Basi pokea salamu hivyo hivyo. Sisi wazima. Mguu wangu mzima. Bi Esha anakohoa kidogo kwa moshi wa korosho, lakini maneno yake hayajapungua hata kijiko.

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Kwanza sijui ulipo. Wengine wanasema wamekupeleka zahanati ya huko ziwani, wengine wanasema umerudi Dar es Salaam kusoma tena. Pili, nataka isomwe na kila mwenye macho. Nimemwomba mkunga aibandike ukutani pale zahanati, na yeyote atakayesafiri upande wako aichukue akuletee. Usishangae mwandiko. Naandika mwenyewe, ninasoma kisomo cha watu wazima pale shuleni, na nasikitika kukwambia kuwa mimi ndiye bora darasani. Mwalimu hajasema hivyo, lakini anavyonitazama naona anataka kusema.

Mkwe, unajua mimi ni nani Mpapura hii. Niliwahi kusimulia kwenye hitma ubwabwa ukapoa kwenye masinia, watu wameshika matonge hewani wananisikiliza. Nimemtania shehe, nimemtania katibu kata, nimemtania maiti kabla hajafunikwa, na familia yake ikacheka. Mtu mmoja tu duniani nilishindwa kumtania, na ni wewe. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mkwe hatajwi jina. Mkwe hali mbele ya mkwe. Tangu Hamisi mwanangu akulete nyumbani, daktari mzima wa chuo kikuu, mimi nilikuwa nikisikia sauti yako uani nafunga mdomo, nakaa kama mzigo wa mihogo unaosubiri kubebwa. Bi Esha akafurahi. Alisema Mungu amemletea mapumziko.

Sasa nataka kukukumbusha siku ya korosho, kwa sababu upande wangu wa siku ile hujawahi kuujua wote.

Bi Esha alikuwa anakaanga korosho nyuma ya nyumba, kwenye debe lililotobolewa. Akaniambia, "Baba Hamisi, hizi za mkwe. Usiziguse." Ukiniambia usiguse, mkono wangu unasikia gusa. Nikachota za pembeni, za moto, hazijaiva sawasawa, maganda bado yanalia yale mafuta yake meusi yanayobabua ngozi. Nikakaa barazani na jiwe langu, nagonga, nakula. Mara nikasikia, "Hodi hapa."

Wewe.

Mkwe, ningezitupa ungeona zinavyotawanyika. Ningezimeza, nilikuwa nazo kiganja kizima. Nikazisukuma chini ya paja, ndani ya mkunjo wa msuli niliovaa, nikazikalia. Nikasema karibu. Nikajua utasalimia mara moja upite kwa mama yako.

Kumbe wewe ulifundishwa kusalimia! Ulipiga magoti pale kwenye kizingiti, uso umeuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, ukaanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mmeamkaje?"

"Vizuri."

"Shamba?"

"Lipo."

"Nyani hawasumbui mihogo?"

"Wanasumbua. Vizuri. Hawasumbui."

"Kifua cha baba?"

"Kipo."

"Na mbuzi wa shangazi kule Nanyamba?"

Mkwe, mpaka leo sina ugomvi na mbuzi wa mtu, lakini siku ile niliwalaani mbuzi wa dada yangu mmoja mmoja. Mafuta yale yalikuwa yanaingia. Nikasikia nyama yenyewe inaniambia kwaheri. Ukaniuliza, "Baba, mbona mnatoka jasho, mna homa?" Nikakujibu, "Furaha, mkwe." Ukacheka kidogo upande wa ukutani, ukaendelea na kuku.

Ndiyo asili ya kidonda. Hakuna mwingine aliyejua, hata Bi Esha, alidhani nimekalia kaa la moto. Na pale barazani kwa wenzangu, Chande aliponiuliza kwa nini nakaa upande kama kuku anayetafuta pa kutaga, sikuweza kusema nimekalia korosho kwa kumwogopa mkwe. Mtu wa heshima zangu! Nikasema ni mamba. Nikasema nilikwenda Kilambo kumtazama rafiki yangu anayelima ukingoni mwa Ruvuma, nikashuka kunawa, mamba akanishika paja, nikamtia dole la jicho akaniachia. Wakasema aaa! Siku ya pili mamba akawa mkubwa kidogo. Ijumaa ilipofika alikuwa jike, ana hereni, na kabla hajaniuma alinisalimia. Niliapa. Chande akaniambia, "Mzee, kwenye hereni hapo umenishinda," lakini akawa anawasimulia watu wengine vilevile.

Kidonda nacho kikawa kinasikiliza. Kikaanza kutoa usaha. Nilipaka majivu ya magome, nikapaka tumbaku, nikapaka kitu alichoniuzia mtu wa ng'ambo ya mto ambacho mpaka leo sijui ni nini. Siku moja barazani nikaona Chande anavuta mkeka wake, anakaa upande upepo unakotokea.  Mwingine akavuta. Mimi nikaendelea kusimulia, na kadiri ninavyosimulia ndivyo duara linavyohama, mpaka nikajikuta nasimulia peke yangu na mbuzi. Nilirudi nyumbani nikalala kifudifudi, nikageukia ukuta. Ile ndiyo aibu ya kwanza. Niliidhani ndiyo kubwa.

Bi Esha akasema, "Daktari yumo humu ndani. Anakula mhogo wako. Wewe unaoza."

Nikasema, "Yule ni mkwe."

"Ni daktari."

"Paja langu halijui udaktari, linajua ukwe."

Na wewe kumbe ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wetu wa udongo, Mungu aubariki, hauzuii hata pumzi. Nikasikia sauti yako, haikunielekea mimi, ilimwelekea mama yako kama inavyotakiwa, lakini ilipandishwa ili nisikie.

"Mama, mwambie baba mguu ukiendelea hivi utakatwa Mtwara mjini. Na mwambie atakayeukata atauona wote."

Nilikubali palepale.

Unakumbuka ulivyofanya? Uliomba khanga, ukaifunga kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa mlango, ukaikata tundu katikati. Bi Esha akapiga kelele, "Khanga yangu mpya!" Ukamwambia mguu wa baba ni wa zamani zaidi. Mimi nikawekwa upande mmoja nimelala kifudifudi, kidonda peke yake ndicho kinachungulia tunduni. Wewe upande wa pili. Bi Esha akakaa mlangoni, katikati, kupeleka maneno, maana mkwe na mkwe katika jambo la mwili hawaongei mdomo kwa mdomo.

"Mama, mwambie baba atulie."

"Baba Hamisi, unaambiwa utulie."

"Mwambie nimetulia kama gogo."

"Anasema katulia kama gogo."

"Mama, mwambie gogo halitetemeki."

Mkwe, hukuwahi kunitania kabla ya hapo, na hapo hukunitania wewe, alinitania Bi Esha kwa maneno yako. Nilicheka mpaka ukanisihi tena nitulie.

Nikakwambia, kwa njia ya mama yako, kwamba mimi ni mwanamume, nataka sindano, mambo ya kupakwa mafuta ni ya watoto. Ukajibu kwamba dawa hii haichomwi sindano kabisa. Ukasema inaua kijidudu cha kidondani kwa kukitoboa ngozi, vya ndani vikamwagika, na ikiingia kwenye damu yangu itaitoboa damu yenyewe. Kwa hiyo inakaa juu ya kidonda tu.  Nikaanza kuiheshimu. Ukalitaja jina lake, gramisidini, na mimi nikalishika kwa sababu lilifanana na jina la binti wa Kireno.

Nikamwambia Bi Esha akuulize nani anaitengeneza. Nilitegemea useme Wazungu, kwenye kiwanda. Ukasema anayeitengeneza ni kijidudu kinachoishi kwenye udongo. Udongo kama huu wa shambani.

Hapo nikasahau maumivu. Nikasema, "Mwambie aendelee."

Ukaendelea, na najua ulikuwa unaongea ili sote watatu tusahau ulichokuwa unakifanya kwa mikono. Ulisema kila kilicho hai kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana, vinaitwa chembe, na ndani ya kila chembe kuna maandishi. Ukasema nakala ya maandishi hupelekwa kwenye mtambo mdogo unaoitwa ribosomu, na mtambo unasoma, na kila unachosoma unachomeka kipande kwenye uzi, kipande kwa kipande, mpaka unapatikana mnyororo. Nyama yangu, ngozi yangu, hata kamasi, ni minyororo iliyosomewa namna hiyo.

Bi Esha akauliza, "Kama shanga?"

Wewe ukasema, "Kama shanga, mama."

 Mkwe na baba mkwe na habari za shanga, kitu cha kiunoni, chumba kimoja! Nilimsikia Bi Esha anajikohoza. Nilitamani kuingia ndani ya godoro. Halafu wewe, mtoto wa watu, sauti imekunywea, ukasema, "Tasbihi. Tuseme tasbihi." Sote tukasema naam, tasbihi, alhamdulillahi.

Basi tasbihi. Ukasema dawa hii ni tasbihi ndogo, imefungwa duara, lakini ajabu yake ni kwamba haikutungwa na ule mtambo. Ribosomu haihusiki. Kinachoitunga ni mafundi wakubwa waliosimama mstari. Hakuna anayewasomea. Kila fundi ana tundu lake, na tundu hilo linaingia ushanga wa aina moja tu, mwingine haukai. Anauwasha kwa nguvu ya chembe, anaushika kwa salfa, ile ya kiberiti, halafu kuna kidole kirefu kinachoyumba kinachukua tasbihi ilipofikia kinampelekea wa pili, wa pili anaunga wa kwake, anampa wa tatu. Mpangilio wa tasbihi ni mpangilio wa mafundi walivyosimama, basi. Mwisho nusu mbili zilizofanana zinakutana, kichwa kwa mkia, zinafungwa.

Nikasema, "Muulize, wamejuaje? Nani aliingia humo?"

Ukasema wataalamu walivisaga vile vijidudu, wakavichuja, wakazitoa ribosomu zote zikaisha, yakabaki maji ya mafundi tu. Wakatia shanga, wakatia ile nguvu, na dawa ikatungwa. Tena wakachukua vijidudu vizima wakavipa sumu inayozima ribosomu. Kazi ya kutengeneza mwili ikasimama kama saa iliyokufa. Kazi ya dawa ikaendelea.

Mkwe, mimi nimedanganya watu tangu enzi za Mwingereza na sijawahi kutunga kitu kizuri kama hicho.

Siku nyingine uliniletea habari ya ushanga uliogeuzwa. Ukasema shanga za mwili karibu zote ni za upande mmoja, kama makubadhi ya mguu mmoja, na ule mtambo wa kusoma haupokei ya mguu wa pili. Lakini fundi wa kwanza wa dawa hii anachukua kubadhi la kawaida analigeuza kuwa la mguu wa pili, kisha analitia kwenye tasbihi. Na kwa sababu kuna shanga zilizogeuzwa, na tasbihi imefungwa duara, vitu vinavyotafuna minyororo mingine haviwezi kuitafuna kirahisi. Nikamwambia Bi Esha akwambie kwamba mimi pia ninayo meno ya namna hiyo kwa nyama ya mbuzi wa dada yangu. Ulicheka kwa sauti. Ulicheka kama mtu, si kama mkwe. Nilijivunia kicheko kile wiki nzima na sikuweza kumwambia mtu.

Na kuna jambo moja ulinirekebisha. Nilisema kwa majivuno, "Mwambie nimefurahi. Kumbe asiyejua kusoma ndiye anayetengeneza dawa. Mimi na kijidudu tuko chama kimoja."

 Nikasikia pamba inazama kwenye maji. Ukasema, "Mama, mwambie baba si hivyo. Kijidudu kinasoma. Hata hao mafundi wa dawa wenyewe walitengenezwa na ribosomu, kwa kusomewa maandishi yao. Wasingesomewa wasingekuwepo. Ila wakishasimama kazini hawahitaji kusomewa tena."

Bi Esha hakuwa na haja ya kuyarudia maneno hayo. Nililala pale na paja langu tunduni, nikaona kwamba mkwe wangu amenivua uongo kwa upole kuliko alivyonivua bandeji. Wiki iliyofuata nilikwenda kisomo nikajiandikisha. Nilimwambia mwalimu nimekuja kukagua.

Kidonda kikaanza kufunga. Harufu ikaisha. Chande akarudisha mkeka wake karibu. Laiti ingeishia hapo, ningekuwa nakuandikia barua ya mzaha.

Dada yangu Mwanahawa akaja kutoka Nanyamba kunijulia hali. Akaona khanga kwenye kamba, imefuliwa, ina tundu katikati. Akamuuliza Bi Esha, "Tundu hili la nini?" Unamjua mama yako, uongo katika nyumba ile niliuchukua wote mimi, yeye hakubakiwa nao. Akamweleza yote. Akadhani anasimulia sifa zako.

Kabla ya magharibi maneno yalikuwa kisimani. Mkwe kaona paja la mkwewe. Mkwe analigusa. Sijui khanga imetobolewa ili nini. Walikuwa wameiona khanga, wakaliona tundu, na hawakuona kitambaa kilichokuwa kikizunguka tundu. Hamisi alikuwa Mtwara mjini kwenye mafunzo ya walimu. Yalimfikia hukohuko, yamevimba njia nzima, walimu wenzake wakamcheka kwenye chakula. Alipopanda gari kurudi alikuwa ameshaamua.

Nakumbuka alivyosimama mlangoni pako. Wewe ukasema, "Mume wangu, baba yako alikuwa anakufa." Yeye akasema, "Kulikuwa na hospitali." Ukasema, "Hospitali ni mimi."

Aliwaita wazee. Nikasema sawa, hapa ndipo pangu, hawa ni watu wangu, mimi ndiye mwenye mdomo Mpapura. Nikasimama. Nikawaeleza kila kitu kama kilivyokuwa: korosho, salamu, khanga, Bi Esha mlangoni anapeleka maneno. Nikawaambia kuhusu dawa, kwamba mkwe alikuwa ananifundisha, kwamba humo udongoni kuna kijidudu kinachotunga tasbihi bila kusomewa, mafundi wamesimama mstari, kila mmoja na ushanga wake, na ushanga mwingine umegeuzwa kama kubadhi.

Mkwe, walicheka. Walicheka wakashikana mabega. Chande machozi yalimtoka, akasema, "Jana mamba mwenye hereni, leo vijidudu vyenye tasbihi! Mzee, wewe utatuua!"

Nikaapa. Wakacheka zaidi, maana kwa mamba pia niliapa.

Nikamtazama Hamisi. Yeye hakucheka. Aliniambia taratibu, kama mtu anayemwomba mgonjwa, "Baba, nakuomba. Siku moja tu. Acha hadithi."

Na wewe ulikuwa ndani unasikia. Ukuta wetu ndio uleule.

Aliandika talaka kesho yake. Ulifunga sanduku lako, ukamwachia Bi Esha dawa na pamba, ukamwonyesha jinsi ya kufunga. Ulipokwenda barabarani kungoja gari mimi nilifuata kwa mbali, nikasimama kwenye kivuli cha mkorosho, mgongo nimekupa, uso nimeuelekeza shambani kama inavyotakiwa. Sikujua niseme nini. Mdomo huu! Gari likaja. Nikasikia unasema, moja kwa moja, bila mtu wa katikati, mara ya kwanza tangu kidonda kianze, "Baba, kikiwasha msikikune."

Gari likaondoka. Sikukikuna.

Naona haya, mkwe. Naona haya kwa ajili ya mwanangu niliyemsomesha kwa korosho nikidhani namtengenezea akili. Naona haya kwa ajili ya dada yangu. Wewe ulinitibu kwa adabu kubwa kuliko adabu yenyewe, ulikata khanga, ulimweka mama yako katikati, ulisema tasbihi badala ya shanga, na nyumba yangu ikakutoa kwa jina la adabu. Hilo silipatii mzaha. Nimejaribu. Usiku na mchana nimelitafutia upande wa kuchekesha, halina.

Basi nikafanya nilichoweza. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha thamani. Kidonda kilipokauka, baada ya swala ya alasiri, watu wamejaa barazani, hata maalim yupo, nilisimama katikati. Sikusema hadithi. Niliwapa mgongo, nikainua kanzu.

Mimi, mzee wa kuogopwa! Upepo ukapita mahali ambapo haujawahi kupita hadharani. Nilisikia mtu anasema astaghafirullahi. Nikasema, "Tazameni. Mnasema mkwe wangu aliona. Oneni na nyinyi. Kisha mniambie kama hayo ni meno ya mamba."

Makovu yale, mkwe, hujapata kuyaona yalivyopona. Yamebaki yamepinda, moja moja, kila moja na kiuno chake. Watu wa Mpapura wanaweza kukosea vitu vingi, lakini hicho hawakikosei.

Chande akasogea karibu. Akainama, akatazama. Kisha akasema, sauti ndogo, "Hizi ni korosho."

"Ni korosho," nikasema. "Na khanga ilikuwepo. Na Bi Esha alikuwepo. Na dawa ile haikusomewa."

Maalim akasema, "Shusha nguo, mzee. Tumeona." Halafu akawageukia, akawaambia daktari hana kosa kuona kidonda anachokitibu, na kwamba wenye kosa ni waliokaa hapa wakacheka. Hakuna aliyenitania siku ile. Mpaka leo hawajanitania kwa jambo lile, na nakwambia kweli, nimelemewa na heshima hiyo kuliko nilivyolemewa na kicheko.

Mwanahawa alirudi Nanyamba bila kuaga. Hamisi alikuja baada ya siku kadhaa, akakaa mbali nami kidogo, akaniuliza kama najua ulipo. Nikamwambia sijui, na ningejua nisingemwambia. Akainamisha kichwa. Sikuandikii barua hii kwa ajili yake. Akikutaka akutafute kwa miguu yake, na wewe ukitaka kumfungia mlango ufunge na komeo.

Mimi naandika kwa jambo langu. Nilimuuliza maalim, ukwe wetu umeishia wapi sasa? Akaniambia talaka inavunja ndoa, haivunji huo. Mke wa mwanangu amekuwa binti yangu, na hilo mtu hawezi kulifuta kwa kalamu. Nilifurahi mpaka nikamtania, nikamwambia basi hata nikifa wewe mkwe utalazimika kuja kulia. Kisha nikaona haya tena, kwa sababu ulishafanya zaidi ya kulia.

Na kuna kitu kimoja kinanisumbua, nakieleza hapa mbele ya wote wanaosoma ukutani. Mkwe, mimi sijui sura yako. Umekaa kwangu misimu miwili ya korosho na sijapata kukutazama usoni. Wakinipangia wanawake kumi mbele yangu sitajua wewe ni yupi. Nikipita mahali, Masasi au Lindi, au huko ziwani kama nitafika, nitakupita kama mti, na wewe utadhani nimekukataa pamoja na wenzangu.

Sijakukataa. Nakujua kwa sauti tu. Kwa hiyo ukiniona wewe kwanza, nakusihi, usipige magoti, usigeukie ukuta. Sema neno lolote. Nitageuka.

Ni mimi,
Baba mkwe wako, wa Mpapura